Mwanga, homoni na shingo ya mche: kukuza miche mifupi yenye nguvu ukanda wa pwani ya Tanga

Ukitoka Pongwe kuelekea Muheza wakati watu wanajiandaa na vuli, vitalu vingi vya nyanya, biringanya na pilipili hoho utavikuta chini ya mwembe au mkorosho. Sababu inaeleweka: jua ni kali, maji ni ya kuchota, na udongo wa chini ya mti haukauki upesi. Ikifika wiki ya tatu miche imekwenda juu, myembamba, imelalia upande mmoja, na mwenye kitalu anafurahi kwamba imekua. Ikihamishiwa shambani, upepo wa kwanza unaivunja, na iliyobaki inamalizwa na jua.

Kitalu hicho hakikukosa mbolea wala maji. Mwanga uliopita kwenye majani ya mwembe uliiambia miche kwamba imezingirwa, na homoni zake zikafanya kazi yake ipasavyo: zikaikimbiza juu kutafuta upenyo ambao haupo. Ndiyo maana mbolea haiponyi miche ya namna hii. Anayetaka mche mfupi, mnene na wenye mizizi mingi inabidi aanze na mwanga, tena aanze mapema, kwa kuwa shingo ikisharefuka hairudi.

Vipimo vilivyo hapa ni vya ukanda wa joto, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza. Lushoto na kwingine kwenye baridi ratiba ni nyingine.

Kivuli cha mti si kivuli cha neti

Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu ili kutengeneza chakula. Lakini pembezoni kabisa mwa wekundu, kwenye mawimbi ya nanomita 730 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kuna mwanga ambao jicho la mtu halioni vizuri na jani haliutumii sana. Huuacha upite au huurudisha ulikotoka. Tuuite wekundu wa mbali. Juani peupe, mwekundu wa kawaida wa nanomita 660 na huo wekundu wa mbali hukaribiana: uwiano ni kama 1.2 kwa 1. Chini ya mti wenye majani mazito uwiano unaweza kushuka hata chini ya 0.2. Wewe ukikaa hapo unaona pana mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Mche unaona jambo jingine kabisa.

Kinachoona ni protini iitwayo fitokromu. Ina sura mbili. Ikipigwa na mwekundu hugeuka kuwa sura iliyo macho. Ikipigwa na wekundu wa mbali hurudi kuwa sura iliyolala. Kigeugeu hiki kilidhihirika mwaka 1952 huko Beltsville, Marekani, pale Borthwick, Hendricks na wenzao walipomulika mbegu za saladi kwa kupokezana rangi hizo mbili. Mbegu zilizomulikwa mwekundu mwishoni ziliota, zilizomulikwa wekundu wa mbali mwishoni nyingi zilibaki zimelala, hata kama rangi zilipokezana mara nyingi. Rangi ya mwisho ndiyo iliyoamua.

Sasa neti nyeusi. Uzi wake huzuia rangi zote kwa kiasi kinacholingana, kwa hiyo mwanga unaopita umepungua lakini haukubadilika tabia. Makuti makavu nayo yanafaa, maana mwanga mwingi unaopenya ni jua lenyewe linalopita kwenye matundu. Neti za kijani ziogope kidogo: rangi yake hupunguza mwekundu kuliko inavyopunguza wekundu wa mbali, na miche husoma kama imefunikwa na majani. Tofauti haifikii ya mwembe, ila kama dukani zipo zote mbili, chukua nyeusi.

Homoni zinavyopokea habari

Sehemu ya kuangalia ni shingo, yaani shina kutoka usawa wa udongo hadi kwenye yale majani mawili ya kwanza ya mbegu. Ndani ya seli zake kuna kundi la protini ziitwazo PIF, ambazo kazi yake ni kuamuru urefu. Fitokromu iliyo macho huingia kwenye kiini cha seli na kuzifanya PIF ziharibiwe. Fitokromu ikilala, kwa sababu ya giza au kivuli cha majani, PIF zinabaki na zinawasha utengenezaji wa oksini, homoni ya kurefusha seli, kwenye majani. Oksini inashuka hadi shingoni, inafanya kuta za seli ziwe na tindikali kidogo na zilegee, seli zinavuta maji na kunyooka. Mche unaweza kuonekana umekua sana ilhali umeongeza maji na urefu tu, si nyama.

Homoni ya pili ni jiberelini. Hii iligunduliwa Japani kupitia ugonjwa wa mpunga: ukungu fulani uliufanya mpunga urefuke kupita kiasi na kuanguka, na mwaka 1926 Kurosawa alionyesha kwamba ukungu huo unatoa kitu kinachosababisha urefu hata usipokuwepo wenyewe. Ndani ya mche kuna protini za DELLA zinazoshika PIF zisifanye kazi, mfano wa breki. Jiberelini huziharibu DELLA. Kwa hiyo kwenye kivuli cha majani mche unapata mambo mawili kwa pamoja: PIF zinabaki hai, na breki inalegezwa.

Kuna na mwanga wa bluu. Unasomwa na kriptokromu, ambayo nayo huzuia urefu, na fototropini, inayoamua mche uelekee wapi. Mwanga ukija upande mmoja, oksini hukusanyika upande wenye giza, upande huo unarefuka zaidi, na mche unainama kuelekea mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba ncha ya chipukizi la nyasi ndiyo inayoona mwanga ingawa inayopinda ni sehemu ya chini yake. Aliyekuja kukusanya kile kinachoshuka kutoka nchani ni Went wa Uholanzi, mwaka 1926.

La mwisho linatuhusu sana watu wa pwani. Fitokromu iliyo macho hulala yenyewe polepole usiku, na joto huharakisha kulala huko. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba fitokromu B hupima joto kwa njia hii hii. Usiku wa joto wa Tanga, hasa Januari hadi Machi, unasukuma mche urefuke hata kama mchana mwanga ulikuwa mzuri. Ndiyo sababu hapa hatuna nafasi ya kupoteza mwanga wa asubuhi, na ndiyo sababu kitalu kisiegemee ukuta wa matofali au bati linalopigwa na jua la jioni, maana joto lake hutoka usiku kucha.

Mahali na kivuli

Chagua sehemu wazi, angalau hatua kumi kutoka ukingo wa majani ya mti ulio karibu, na isiwe na ukuta upande wa mashariki, kwa sababu jua la asubuhi ndilo unalolihitaji zaidi. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, hivyo kivuli cha lazima ni cha juu. Pembeni acha wazi.

Simamisha nguzo za mianzi au mikoko ya kununua kihalali, urefu wa mita 1.5 hadi 1.8 juu ya ardhi ili uweze kufanya kazi chini yake. Funga neti nyeusi ya asilimia 30 hadi 50, yaani inayozuia kiasi hicho cha mwanga, kwa kamba za mkonge upande mmoja tu, upande wa pili iwe inakunjwa kama pazia. Neti isiyokunjika ni kosa kubwa kuliko kukosa neti. Ya asilimia 70 au 80 iache kwa wauza maua. Nyanya chini yake itarefuka hata kama rangi ya mwanga ni sahihi, maana mwanga wenyewe haufiki kiasi.

Ukitumia makuti, yapange kwa mapengo ya upana wa vidole viwili hadi vitatu kati ya kuti na kuti, na kila baada ya siku chache toa moja moja. Yasiwe mabichi.

Udongo na tuta

Kwa viriba au trei changanya ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za samadi iliyooza vizuri au mboji, na ndoo 1 ya mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanashika maji vizuri na Tanga yanapatikana kwa wingi, lakini nayo yana chumvi: loweka usiku kucha, mwaga maji, rudia mara mbili au tatu kabla ya kuchanganya. Samadi isizidi hapo. Naitrojeni nyingi juu ya mwanga hafifu hutoa mche laini ambao kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shingo za miche, unaupenda.

Kwa tuta la ardhini, upana mita 1, urefu unavyotaka, kimo sentimita 15 hadi 20. Kabla ya kusia, tega magugu. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo na zinahitaji mwanga ili ziote: fitokromu ikiamka ndani ya mbegu, jiberelini huongezeka, na asidi ya absisiki inayoilaza mbegu hupungua. Jembe linapozileta juu ndipo zinapoamka. Kwa hiyo andaa tuta mapema, mwagilia, acha siku 7 hadi 10 magugu yaote, kisha yakwangue kwa juu juu, kina kisichozidi sentimita 2. Ukilima tena kwa kina umeleta mbegu nyingine mwangani na kazi yote imerudi mwanzo.

Saladi nayo ni ya kundi hili la kupenda mwanga. Isifukiwe, inyunyize juu na uifunike kwa vumbi la udongo tu. Udongo ukipita nyuzi joto 30 mbegu nyingi za saladi hukataa kuota, basi isie jioni na uipoze kwa maji. Mbegu ya nyanya haina masharti hayo: kina cha sentimita 1, mistari ya sentimita 10 hadi 15.

Matandazo: siku mbili zinazoharibu kitalu

Hapa ndipo vitalu vingi vya pwani vinapopotea, hata vile vilivyowekwa mahali pazuri. Baada ya kusia tunafunika kwa nyasi kavu ili udongo usikauke, na ni sawa. Unene uwe sentimita 2 hadi 3, si zaidi. Tatizo ni kuchelewa kuyatoa.

Mche ulio gizani una mpango wake: shingo inakimbia, majani ya mbegu yanabaki yamefumbwa, na ncha inapinda kama ndoano ili isichubuke inapopenya udongo. Ethilini, homoni iliyo gesi, husaidia kuishikilia ndoano hiyo. Mwanga wa kwanza ndio unaobadilisha mpango: ndoano inafunguka, majani yanatanuka na kuwa kijani, shingo inapunguza mwendo. Nyasi zikibaki juu, mche uliokwisha kupenya udongo unadhani bado uko ardhini. Kwa joto letu siku moja ya ziada inatosha kurefusha shingo vibaya, na siku ya pili unapata miche iliyofungamana na nyasi, ambayo ukiivuta inang'oka.

Anza kukagua siku ya 3 kwa mchicha, siku ya 4 kwa nyanya, siku ya 6 kwa biringanya na nyanya chungu, siku ya 7 kwa pilipili hoho. Kagua asubuhi na jioni, kwa kufunua sehemu tatu tofauti za tuta. Ukiona ndoano za kwanza zimeinua udongo, kama mche mmoja kati ya kumi, toa matandazo yote jioni hiyo hiyo, kuanzia saa 11. Usisubiri iote yote. Iliyobaki itaota bila matandazo kama utamwagilia kwa keni yenye matundu madogo asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku mbili tatu. Nyasi unaweza kuzisogeza katikati ya mistari.

Wanaotumia trei huzirundika ndani zikiwa zimefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Kanuni ni ile ile: ndoano ya kwanza, trei zote nje.

Ratiba ya neti

Siku 3 za kwanza baada ya kutoa matandazo, funga neti kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Jua la alfajiri hadi saa 3 lifike kwenye miche moja kwa moja. Lina mwekundu na bluu ya kutosha kuamsha fitokromu na kriptokromu, na halina joto la kuunguza.

Kuanzia hapo hadi jani halisi la pili, neti iwe saa 4 hadi saa 9. Wiki inayofuata, saa 5 hadi saa 8 tu. Siku 7 hadi 10 za mwisho kabla ya kuhamisha, hakuna neti kabisa, na maji yapunguzwe taratibu, mche uonje kiu kidogo mchana na kusimama wenyewe jioni. Siku ya mawingu neti isifungwe hata kidogo; wakati wa masika kuna wiki nzima ambayo inakaa imekunjwa, na kuisahau imefungwa kwenye mawingu kunarefusha miche vibaya.

Trei zilizo barazani au dirishani zinainama upande mmoja. Kuzigeuza kila siku kunanyoosha mche, lakini hakuongezi mwanga. Zitoe nje.

Nafasi, kabla majani hayajagusana

Watu wengi hupunguza miche ikishasongamana. Wakati huo habari imeshafika. Jani bichi la jirani hurudisha wekundu wa mbali kwa ubavuni, na mche unaupokea kwenye shina hata kabla ya kutiwa kivuli. Ballaré na wenzake wa Argentina walilionyesha hili mwaka 1990: miche ilianza kurefuka kwa ule mwanga uliorudishwa na majirani, huku majani yake bado yanapata jua kamili.

Basi punguza mapema. Majani ya mbegu yakishatanuka, acha sentimita 2 hadi 3 kati ya mche na mche. Jani halisi la pili likitoka, acha sentimita 5. Kata kwa mkasi usawa wa udongo badala ya kung'oa, usiichokoze mizizi ya unaoubakiza. Viriba vikianza kukutana majani, vitenganishe kwa nafasi ya kiganja. Inauma kutupa mche uliokwisha kuota, hasa kwa bei ya mbegu chotara ya siku hizi, na dawa yake ni kusia chache: mbegu moja kwa kila tundu la trei.

Kugusa

Mche unaotikiswa hubaki mfupi na kunenepa shina, kwa sababu mguso huamsha homoni nyingine, zikiwemo ethilini na jasmoneti, zinazopingana na urefu. Upepo wa kusi hufanya kazi hii bure kitaluni palipo wazi. Kama pamefungwa, chukua fito laini ya mwanzi iliyofungwa kitambaa safi, pitisha juu ya ncha za miche mara 10 hadi 20, mara moja kwa siku, umande ukishakauka. Anza mche ukiwa na majani mawili halisi. Nyanya na biringanya huitikia vizuri. Pilipili hoho huchanika kwa urahisi, iache. Na kitalu chenye dalili ya ugonjwa usikiguse, utausambaza.

Miche ikishakuwa mirefu

Pima shingo kwa rula. Nyanya iliyopata mwanga kwa wakati ina shingo ya sentimita 2 hadi 4. Ikipita 5, matandazo yalichelewa au kivuli kilizidi mwanzoni. Shingo ikiwa nzuri lakini vipande vya juu, kati ya jani na jani, ni virefu, kosa ni la baadaye: msongamano au neti.

Nyanya inaokoka. Shina lake huotesha mizizi likifukiwa, kwa sababu oksini inayoshuka hukusanyika pale na kuamsha seli za mizizi kwenye giza la udongo. Chimba shimo la kina au mfereji wa mshazari, ondoa majani ya chini, fukia hadi karibu na majani halisi ya kwanza. Biringanya hustahimili kufukiwa kidogo. Papai usilifukie shingo hata kwa sentimita mbili, litaoza. Kwake hakuna njia ila kusia upya.

Kuna watu hupulizia pakilobutrazoli, kemikali inayozuia mmea kutengeneza jiberelini. Kweli mche hufupika. Lakini hukaa ardhini muda mrefu, inadumaza zao linalofuata, na mwanga unabaki mbovu vile vile. Kwenye miche ya mboga haina nafasi.

Maji ya dafu nayo yanasifiwa sana. Ni kweli yana homoni ya sitokinini, na tangu mwaka 1941, van Overbeek alipoyatumia kukuza viinitete vya mimea maabara, yamekuwa ya thamani huko. Lakini sitokinini huhimiza machipukizi na ikizidi huzuia mizizi, tena sukari yake hualika ukungu kitaluni. Yanyweni.

Kinachofanana na ugonjwa

Majani membamba yaliyojikunja kama uzi, mishipa imesimama sambamba, shina limepinda: wengi husema ni virusi. Kabla ya kung'oa, uliza bomba la kupulizia lilitumika wapi. 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana kwenye mahindi na nyasi, ni oksini ya kutengenezwa, na nyanya inadhurika kwa mabaki madogo sana yaliyobaki kwenye mpira na pua ya bomba. Kuosha mara moja hakutoshi. Kitalu kiwe na bomba lake, lenye alama ya rangi, lisiloazimwa. Pia usipulizie 2,4-D shamba la jirani siku ya upepo, wala usitumie samadi au nyasi za matandazo kutoka eneo lililopigwa dawa za jamii hiyo.

Majani ya nyanya yaliyoinamia chini ilhali hayajanyauka ni ethilini. Mara nyingi ni maji yaliyotuama: mizizi ikikosa hewa hutengeneza malighafi ya ethilini, inapanda na maji hadi kwenye vikonyo vya majani, upande wa juu wa kikonyo unarefuka na jani linashuka. Fungua mfereji, usiongeze maji ukidhani ni kiu. Ethilini pia hutoka kwenye matunda mabivu na moshi. Ukisafirisha miche kwenda soko la Mgandini au shambani, usiipakie pamoja na ndizi mbivu au mapapai chini ya turubai, na usichome taka upande upepo unakotoka.

Jaribio la makopo

Asiyeamini habari za mwembe apime. Chukua makopo 3 yenye udongo uleule, kila moja mbegu 10 za nyanya. La kwanza liweke wazi palipo na neti nyeusi moja; la pili wazi chini ya neti mbili zilizopandana; la tatu chini ya mwembe. Mwagilia sawa. Siku ya 14 pima shingo za miche yote, tafuta wastani wa kila kopo. Kopo la pili likilinganishwa na la kwanza linakuonyesha athari ya upungufu wa mwanga; likilinganishwa na la tatu, unapata kwa makadirio athari ya rangi.

La oksini: otesha mahindi 10 gizani siku 4 hadi 5, mpaka mikuki itoke sentimita 1 hadi 2 kabla jani halijapasua ala yake. Mitano ivalishe kofia za karatasi ya alumini za milimita 5 nchani. Yaweke kwenye boksi lililofungwa lenye tundu moja ubavuni linaloelekea dirishani. Jioni fungua. Yasiyo na kofia yameelekea tunduni. Yenye kofia yamesimama wima, japo sehemu ya chini ilipata mwanga ule ule.

Jicho la mchungwa

Muheza elimu hii ina matumizi mengine, kwenye kubebesha machungwa juu ya mlimau. Ukishaweka jicho, yaani kichipukizi cha mchungwa, kwenye mlimau wenye unene wa penseli, kwa kimo cha sentimita 20 hadi 30, fungua utepe baada ya wiki 2 hadi 3. Jicho likiwa bado kijani limeshika, lakini halichipui, kwa sababu ncha ya mlimau inaendelea kushusha oksini inayoyalaza macho yaliyo chini yake.

Usiukate mlimau mara moja. Majani yake bado yanalisha mizizi. Ukate nusu ya unene, sentimita 5 hadi 8 juu ya jicho, upande ule ule wa jicho, kisha uulaze. Hapa wengi hukosea: wanaulaza kuelekea upande wa jicho, na majani ya mlimau yanalifunika. Jicho lililo chini ya majani linapata wekundu wa mbali na huchelewa kuamka hata kama ncha imeshaondolewa. Ulaze upande wa pili, jicho libaki linatazama jua la asubuhi. Chipukizi likifikisha sentimita 20 hadi 30 na majani yake yamekomaa, ndipo ukate mlimau kabisa kwa mkasi mkali, mkato wa mshazari unaomwaga maji mbali na kiungo, na uondoe kila chipukizi la mlimau linalotoka chini yake.